Kocha Aliyetaja Bei Yake

Leo tuache soka kidogo. Najua wikendi hii roho za watu ziko juu na kukuomba hivyo ni kukuomba jambo kubwa, lakini nivumilie. Nina habari ya kocha mmoja ambayo naona imetupita.

Januari 2025 Chuo Kikuu cha South Carolina, kusini mwa Marekani, kilimwongezea mkataba kocha wa timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu. Mshahara: takriban dola milioni 4 kwa mwaka, hadi msimu wa 2030. Kwa pesa zetu za Kenya hiyo ni zaidi ya nusu bilioni kila mwaka. Kuna mtu mahali fulani amepaliwa na chai sasa hivi, pole yake. Hapana, sijaongeza sifuri. Hizo ni pesa za kuwafundisha wasichana wa chuo kudunda mpira na kuulenga kikapuni.

Kocha huyo anaitwa Dawn Staley. Wanaomsimulia wengi huanza na makombe. Mimi nimeanza na pesa kwa makusudi. Nimeifuatilia kazi yake, na nikiulizwa amefanya jambo gani kubwa, nitasema ni kukataa kulipwa kama mtu anayejitolea. Makombe ndiyo yaliyompa ubavu wa kukataa. Mambo hayo mawili yanafuatana tangu mwanzo, nami nitayafuata hivyo hivyo.

Staley alizaliwa Mei 1970 kaskazini mwa jiji la Philadelphia, katika nyumba za serikali za Raymond Rosen, mtaa wa watu wa kipato kidogo. Watoto walikuwa watano, yeye kitinda mimba. Mama yake, Estelle, alifanya kazi ya usafi katika nyumba za watu. Asili ya mama huyo ilikuwa South Carolina. Alihamia kaskazini akiwa bado msichana mdogo, kama walivyohama Wamarekani weusi wengi wa enzi hiyo walioona kusini hakukaliki. Hilo la asili ya mama liweke akilini, msikilizaji, tutalihitaji mbele.

Mpira alijifunza kwa wavulana wa mtaa. Alipokua alifika futi 5 na inchi 6, na kwa mchezo ule huo ni ufupi hasa. Sasa fikiria: wewe ni msichana, mfupi, na uwanja umejaa vijana wa kiume wanaotaka kujionyesha. Nani atakupa mpira? Dawa ni moja, uwe wewe ndiye unayewapa wao, kwa pasi tamu kiasi kwamba wakichagua timu wasithubutu kukuacha. Akawa mpangaji wa mchezo, yule anayepandisha mpira na kuamua nani apewe, lini, na upande upi. Waliomwona akicheza husema alikuwa kocha tayari, hajapewa filimbi tu.

Mwaka 1988 akaenda Chuo Kikuu cha Virginia. Akakifikisha katika timu nne za mwisho za taifa mara tatu mfululizo, 1990, 1991 na 1992, na mara mbili akawa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote. Ubingwa haukuja hata mara moja. Fainali ya 1991 kule New Orleans walikutana na Tennessee ya Pat Summitt, mama aliyekuwa ameanza kufundisha timu hiyo mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 22, akiendesha gari la timu mwenyewe na kufua jezi mwenyewe. Virginia wakapoteza katika muda wa ziada, 70 kwa 67. Waamuzi wa tuzo wakampa Staley zawadi ya mchezaji bora wa mashindano, yeye aliyeshindwa. Mimi sijui kama kuna tuzo chungu kuliko hiyo.

Mwaka uliofuata akaachwa nje ya timu ya Olimpiki ya Barcelona. Akaambiwa ni mfupi, tena hana uzoefu wa kimataifa. Marekani wakati huo haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake, kwa hiyo mchezaji bora wa vyuo vya nchi nzima alilazimika kufunga mizigo kwenda kutafuta riziki Ufaransa, Italia, Uhispania na Brazili. Sisi huku tumezoea kuona wanamichezo wetu wakisafiri kutafuta mkate. Wamarekani wenyewe walikuwa katika hali hiyo kwa upande wa wanawake, na si zamani.

Kilichobadilisha mambo ni Atlanta 1996. Shirikisho lao lilikusanya wachezaji mapema, likawapa kocha Tara VanDerveer, likawazungusha dunia nzima wakicheza mechi za kujipima. Walishinda zote 52. Wakaingia Olimpiki, wakashinda zote 8. Staley, yule aliyeambiwa hana uzoefu, alikuwa ndani. Mwaka mmoja baadaye ligi ya kulipwa ya wanawake, WNBA, ikaanza. Yeye alirudi tena na dhahabu Sydney 2000 na Athens 2004, na huko Athens ndiye aliyebeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi.

Ukocha hakuutafuta, ulimfuata. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Temple, cha nyumbani kwao Philadelphia, kilimbembeleza achukue timu yao. Alikuwa bado mchezaji wa kulipwa, na kwa miaka kadhaa akafanya yote mawili: msimu wa chuo yuko ubavuni mwa uwanja akitoa maagizo, kiangazi yuko ndani ya uwanja akipokea maagizo ya kocha wake. Alikaa Temple miaka minane na kuipeleka timu kwenye mashindano ya taifa mara sita. Hiyo peke yake ingemtosha mtu kuwa na jina zuri na pensheni.

Mei 2008 akachukua uamuzi ambao wengi hawakuuelewa. Akaenda South Carolina, timu isiyo na sifa yoyote ya kutisha, katika ligi ile ile ambamo Pat Summitt alikuwa ametoka kuchukua ubingwa wake wa nane. Sasa kumbuka lile nililokuomba uweke akilini. Ndiko mama yake alikotoka. Binti alirudi, akiwa bosi, kwenye jimbo ambalo mama yake aliondoka akiwa mtoto.

Msimu wa kwanza: ushindi 10, vipigo 18. Wa pili: ushindi 14, vipigo 15.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kwetu hadithi ingeishia hapa. Tunajua tunavyofanya. Kocha akipoteza mechi tatu, mwenyekiti anaitisha wanahabari. Akipoteza tano, vyombo vyake viko nje. Chuo kile kilimwacha afanye kazi. Mwaka wa nne, 2012, ndipo timu ilipofuzu kwa mara ya kwanza chini yake kucheza mashindano ya taifa. Ubingwa wa msimu wa kawaida wa ligi yao ulikuja 2014. Miaka sita, msikilizaji. Ndani ya miaka hiyo alikuwa akifanya kazi mbili ambazo hazionekani kwenye ubao wa matokeo.

Ya kwanza ilikuwa kutafuta wachezaji wa nyumbani. Mwaka 2014 msichana aliyetajwa kuwa bora kuliko wote waliomaliza shule ya sekondari Marekani alitoka Hopkins, nje kidogo tu ya mji wa Columbia kilipo chuo. Jina lake A'ja Wilson. Vyuo vyote vyenye majina makubwa vilimtaka. Akachagua kubaki, kwenda kwa Staley. Wilson amesimulia kwamba bibi yake alikua jirani na chuo hicho, na enzi za ubaguzi hakuruhusiwa kukatiza ndani yake akienda zake, ilibidi azunguke. Chuo kilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1963. Januari 2021 mjukuu wa bibi huyo akazinduliwa sanamu yake nje ya ukumbi wa michezo wa chuo hicho hicho. Hadi mwaka 2025 alikuwa ameshakuwa mchezaji bora wa WNBA mara nne. Unapouliza kocha anafanya nini hasa, jibu mojawapo ni hilo: alimshawishi msichana wa jirani kwamba mahali palipomfungia bibi yake mlango panaweza kuwa pake.

Kazi ya pili ilikuwa kujaza viti. Ukumbi wao unachukua watu wapatao 18,000, na mechi za wanawake zamani viti vingi vilikuwa vikipigwa na upepo. Staley aliwafuata watu wa mji, wazee kwa watoto, weusi kwa weupe, akawafanya waione timu kuwa ni yao. Kuanzia msimu wa 2014 na 2015, South Carolina ikawa inaongoza nchi nzima kwa idadi ya mashabiki wanaohudhuria mechi za wanawake, na ikashikilia nafasi hiyo mwaka baada ya mwaka, wastani ukiwa juu ya watu 10,000. Niliwahi kuona picha za televisheni za mechi moja ya kawaida tu, jioni ya katikati ya wiki, na bibi vizee wa kanisani wamevaa jezi. Nikasema huyu mwanamke ana akili ya biashara.

Makombe sasa. La kwanza lilikuja Aprili 2017, Dallas, dhidi ya Mississippi State, 67 kwa 55. Mama Estelle aliliona, akafariki baadaye mwaka huo huo. La pili 2022, dhidi ya Connecticut, 64 kwa 49, na Connecticut walikuwa wameingia fainali 11 kabla ya hiyo na kuzishinda zote. Lakini kuna miaka inayouma katikati. Mwaka 2020 walikuwa na ushindi 32 na kipigo 1, nambari moja nchini, na korona ikafuta mashindano. Mwaka 2021 walipoteza nusu fainali kwa pointi moja mbele ya Stanford, mpira wa mwisho ukigonga chuma na kutoka. Mwaka 2023 waliingia nusu fainali bila kupoteza mechi, ushindi 36, wakakutana na Iowa ya mchezaji nyota Caitlin Clark na kutolewa, 77 kwa 73.

Baada ya kipigo hicho wachezaji wote watano wa kuanza waliondoka. Ndipo ninapoona ukocha wenyewe. Mtu mwingine angeomba mwaka wa kujenga upya, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akachukua waliokuwa wakikaa benchi, akaongeza wachache, akacheza msimu mzima wa 2024 bila kupoteza mechi hata moja: 38 kwa sifuri. Fainali, Cleveland, Aprili 2024, akampata yule yule Clark na Iowa yake. 87 kwa 75. Mkononi kombe, usoni machozi, akachukua kipaza sauti akamshukuru hadharani Clark kwa kuuinua mchezo. Mgala muue na haki yake umpe, na kocha huyu haki ya mpinzani aliitoa uwanjani, watu wote wakisikia.

Mechi hiyo ilitazamwa kwenye televisheni za Marekani na watu karibu milioni 19. Fainali ya wanaume mwaka huo haikufika milioni 15. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kuwapita.

Na hapo tunarudi kwenye pesa.

Machi 2021 mashindano ya wanawake yalifanyika San Antonio na ya wanaume Indianapolis, yote chini ya chama kimoja cha michezo ya vyuo. Wanaume waliwekewa ukumbi mzima wa mazoezi ya viungo, vyuma vya kila aina. Wanawake wakawekewa kijirundo kimoja cha vyuma vidogo na mikeka ya yoga. Mchezaji mmoja wa Oregon alipiga video, dunia ikaona. Hata lile jina la biashara la mashindano, lile linalouza fulana na matangazo, lilikuwa la wanaume peke yao. Wanawake walikuja kuruhusiwa kulitumia 2022. Staley hakunyamaza, alitoa taarifa kali dhidi ya uongozi wa chama.

Miezi michache baadaye, baada ya kwenda Tokyo na kuipa timu ya taifa dhahabu akiwa kocha, mkataba wake wa chuo ulikuwa mezani. Akataka alipwe sawa na kocha wa wanaume wa chuo hicho, ambaye hakuwa na ubingwa wa taifa. Akasimama hapo. Oktoba 2021 wakatia saini: dola milioni 22.4 kwa miaka saba. Kisha 2024 ikaja na lile kombe na ile televisheni, na 2025 wakaongeza. Kuna watu watasema huo ni uroho. Mimi nasema mtu aliyejaza ukumbi wa watu 18,000 akiomba sehemu ya mapato ya mlangoni hajaiba.

Alieleza pia kwamba hakuwa akijipigania peke yake, na katika hili namwamini kwa sababu ya habari ya wavu. Mabingwa kule hukata wavu wa kikapu, kila mtu akaondoka na kipande. Mwaka 1999 Carolyn Peck wa Purdue alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuchukua ubingwa wa vyuo akiwa kocha. Miaka baadaye alimpa Staley kipande cha wavu wake, akamwambia akishinda na yeye ampe mwingine. Staley aliposhinda 2017 hakuona nani amwache. Akakata wavu wake vipande vidogo na kuwatumia makocha wanawake weusi wa vyuo vya daraja la kwanza, kila mmoja na chake. Wengine wamevitia kwenye fremu ofisini.

Jambo hilo lina uzito wake ukijua takwimu moja ya kushangaza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu, ndiyo iliyoleta pesa kwenye michezo ya wasichana. Kabla yake, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Pesa zilipoingia, wanaume nao wakaingia, na sehemu ya makocha wanawake ikashuka hadi kama asilimia 40 na kidogo. Kazi ilipokuwa ya kujitolea ilikuwa ya wanawake. Ilipopata mshahara ikapata wenyewe wengine. Usiniambie hilo ni la Marekani tu.

Pembeni kidogo: mwaka 2025 timu ya wanaume ya New York Knicks ilimfanyia Staley usaili wa kazi ya ukocha mkuu. Hawakumchukua. Yeye mwenyewe amesema angepewa angekubali. Natamani wangempa, hata kwa ajili ya kutuburudisha sisi watazamaji tu.

Lakini kuna sababu ya karibu zaidi ya mimi kuleta habari hii kwenye redio yetu. Mwaka 2025 Staley alimsajili mchezaji wa kati mwenye urefu wa futi 6 na inchi 6, na mchezaji huyo ni wetu: Madina Okot, mzaliwa wa Mumias. Alianza na voliboli. Mpira wa kikapu aliuchukulia Kaya Tiwi, kule Kwale, shule ambayo kwa mchezo huu wasichana wake wanaogopwa kote nchini. Akapitia Chuo Kikuu cha Zetech na timu ya taifa, akavuka mwaka 2024 kwenda Mississippi State, na msimu mmoja baadaye kocha wa dola milioni 4 akamtaka.

Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Ila jiulize njiani alipita mikononi mwa nani. Alipita kwa walimu wa sekondari, watu ambao asubuhi wana vipindi na madaftari ya kusahihisha, jioni wanabeba mfuko wa mipira kwenda uwanja wa saruji. Wengi wa walimu hao nchini hawana mkataba wa ukocha wala marupurupu ya maana. Timu ikishinda, mwalimu mkuu anapiga picha na kombe. Ikishindwa mara mbili, mwalimu anaulizwa kwa nini anapoteza muda wa masomo. Sisemi tuwape nusu bilioni. Nasema Staley alipewa miaka minne kabla ya kuulizwa lolote, na sisi tunamjua mwalimu gani wa michezo ambaye amepewa hata miwili?

Kwa hiyo nina maombi mawili leo, na kisha nikuachie. Kwenu wakuu wa shule na bodi: mwaka huu mkikaa kwenye bajeti, mwandikieni kocha wa timu ya wasichana barua rasmi, yenye muda na malipo, hata yawe madogo. Na wewe msikilizaji uliye Nairobi: ligi ya wanawake huchezwa wikendi, na viti vipo tele. Nenda na mtoto wako wa kike. Mechi ikiisha, muulize kocha jina lake.